Nyayo Zinapoishia Mwambani

Ghati mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kuchagua marafiki, mama yako amekwisha kukuambia, tena mara mbili mbele yangu. Sitayarudia. Barua hii utaisoma kesho ndani ya gari, mimi nikiwa nimekaa kando yako upande wa dirisha. Usinisemeshe wakati unasoma. Nimeamua kuandika kwa sababu yapo mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo hugeuka kuwa ukali, na wewe unanijua.

Ndiyo, tunasafiri wote wawili. Mama yako anadhani nitakusindikiza mpaka Mugumu na kurudi. Ukweli nitamwambia asubuhi, nikiwa nimeshavaa viatu.

Nianze na siku ile tulipokuwa tunapukuchua mahindi uani, ukafuta mikono ukanionyesha ramani kwenye simu. "Tata, tazama hii. Ndiyo kazi niliyokuwa kwenye mafunzo yake, na sasa ninakwenda kuifanya."

Ulinieleza kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo nilipokufundisha desimali. Ng'ombe anavishwa kifaa shingoni, kifaa kinatuma ishara. Ng'ombe wakiibwa, ishara inafuatwa mpaka inapopotea, na inapopotea ndipo kazi yako inapoanza. Modeli yenu inachukua ishara za mwisho, inachukua historia ya wizi iliyokusanywa kutoka kwa wazee wa kila kijiji, inavipima pamoja kwa takwimu za Kibayesi, zile zinazorekebisha makisio kila ushahidi mpya unapoingia, halafu inaigawa nchi yote katika miraba na kuupa kila mraba uwezekano wake wa kuwa na ng'ombe waliopotea.

"Na huu mwekundu hapa Matongo?" nikauliza.

"Huo ndio wenye uwezekano mkubwa kuliko yote."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kama robo."

"Basi robo tatu ng'ombe hawapo hapo."

Ulicheka. "Hayo ndiyo ninayowaambia kazini, Tata. Lakini mkuu wetu anasema wananchi hawataki rangi, wanataka jina la boma moja. Tukiwapa miraba mingi wataona hatujui kitu."

"Kwani mnajua?"

"Tunajua ni kiasi gani hatujui. Ndiyo kazi yenyewe."

"Ghati," mama yako akaingilia, "mwambie baba yako mdomo haupukuchui mahindi."

Ukafungua picha uliyopiga mlipokwenda kuwahoji wazee. Boma la nyumba mbili za bati, na nyuma yake mwamba mpana wa kijivu, tambarare kama meza, wenye mihogo iliyoanikwa. Kasichana kalikuwa kamesimama juu yake na ungo. "Hapa ni kwa mzee mmoja anaitwa Marwa," ukasema. "Anasema anakufahamu. Anakusalimia sana."

Niliinuka nikasema nakwenda kutazama mbuzi. Ulidhani ni kwa sababu ya jina, kwa kuwa humu ndani jina hilo halitajwi. Jina lilinigusa, ndiyo. Lakini kilichoniinua ni mwamba. Mimi nilizaliwa kando ya mwamba ule, Ghati. Bibi yako alianika ulezi juu yake. Boma lile lilikuwa la babu yako Chacha, na mraba wako mwekundu umekaa juu yake kama kofia.

Unajua kwamba tulihama. Hujui tulihamaje, kwa sababu kila ulipouliza nilikujibu kwamba ardhi ya Nyambureti ni nzuri zaidi. Ardhi ya Nyambureti ni nzuri. Hilo halikuwa jibu.

Nilikuwa kijana, nimetahiriwa si muda mrefu. Asubuhi moja yowe likapigwa ng'ambo ya kijito: ng'ombe wa jirani wametolewa zizini. Unajua desturi yetu, umeihoji kwa wazee, lakini kuihoji na kusimama ndani yake ni mambo mawili. Wanaume wanafuata nyayo. Nyayo zikiingia kwenye boma au kijiji chako, unatakiwa kuwaonyesha zilipotokea upande wa pili. Ukionyesha, mzigo unahamia kwa anayefuata. Usipoonyesha, ng'ombe ni wako kulipa.

Aliyeongoza alikuwa Marwa. Alikuwa amenizidi miaka kadhaa, na hakuna mtu mlimani kwetu aliyesoma ardhi kama yeye. Kati ya walioibwa alikuwemo dume mmoja mwenye kwato iliyorefuka ikapinda upande, na alama yake Marwa aliishika tangu zizini. Alikuwa anakwenda ameinama, fimbo mkononi, hakuna anayethubutu kumtangulia. Wakaja mpaka kwetu. Alama ya kwato iliyopinda ilikuwa pale mlangoni kwa babu yako, wazi kabisa. Niliiona kwa macho yangu.

"Mzee Chacha," Marwa akasema, "tuonyeshe zilipotokea."

Babu yako akanyoosha mkono kwenye mwamba. "Wamepita pale."

Marwa akaupanda mwamba. Alipiga magoti, akaukagua mpaka mwisho, akarudi. Ng'ambo ya mwamba, kama ulivyoona, ni mahali ng'ombe wa mlima mzima wanapokunywa maji, na ardhi yake imekanyagwa mpaka imekuwa uji. "Sioni kitu," akasema.

"Mura, kijana wangu, tangu lini mwamba ukashika nyayo? Hata tembo angepita pale usingemwona."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Basi mwizi ni tembo! Mleteni alipe!" Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichotuhukumu, maana baada yake hakuna aliyetaka kufikiri tena.

Ritongo, baraza la wazee, likakaa, na babu yako akalipa karibu zizi zima. Kulipa hakukumaliza. Watu walipigana kule majini, kisha paa letu likachomwa, na tukavuka mto Mara na mbuzi, masufuria na bibi yako ambaye hakugeuka kutazama nyuma hata mara moja. Babu yako amezikwa hapa Nyambureti, kwenye ardhi ambayo hakuna babu yake hata mmoja aliyelala.

Utaniuliza: je, hakuiba? Mwanangu, hata juu ya baba yangu mwenyewe siandiki mia kwa mia. Naandika karibu sana na mia, kwa kuwa nilimjua. Wewe ndiye uliyenifundisha kuiacha nafasi ile ndogo, na imeniuma kuiacha, lakini nimeiacha.

Sasa nikuambie kosa langu, ambalo si la siku ile. Siku ile nilikuwa kijana nisiye na sauti mbele ya wazee. Kosa langu ni la miaka yote iliyofuata. Niliamua kwamba Marwa alitufanyia makusudi. Uwezekano kwamba alikuwa mtu mwaminifu aliyekosea niliuandikia sifuri. Si kidogo, sifuri. Nikawa mwalimu wa hisabati, nikafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba chochote ukikizidisha kwa sifuri kinabaki sifuri, na sikuwahi kuona kwamba nilikuwa naieleza roho yangu.

Babu yako alipofariki, Marwa alikuja. Alivuka mto akatembea mpaka hapa na blanketi jipya begani la kumfunika marehemu. Nilimkuta njiani, nikasimama katikati. Yeye ni mkubwa kwangu, na sikumpa shikamoo. Watu waliona.

"Nimekuja kumzika mzee," akasema.

"Umekuja kuhakikisha."

"Nilisoma nilichokiona, mura."

"Ulisoma ulichokitaka."

Akaliweka blanketi juu ya uzio, akarudi alikotoka. Nikajiambia kwamba dhamira ndiyo iliyomsumbua, na anayesumbuliwa na dhamira ana hatia. Akatuma salamu kwa wafanyabiashara wa ng'ombe, nikajiambia ananidhihaki. Akakaa muda mrefu bila kutuma. Nikajiambia, unaona, hana hata haya. Akija ni mwovu, asipokuja ni mwovu. Uliporudi kutoka chuoni na vitabu vyako nikaanza kuvisoma ukiwa umelala mchana, nilifika kwenye ukurasa unaosema kwamba uwezekano wa awali, yaani ule unaouamini kabla ya ushahidi, ukiwa sifuri, hakuna ushahidi duniani utakaousogeza. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Mama yako akauliza kama kuna mtu amekufa.

Na bado sikubadilika. Kuelewa kanuni ni kazi ya mchana mmoja. Kuitii ni kazi nyingine.

Kwa maana ulipofunga simu siku ile ya mahindi, nilifurahi. Nilikwenda zizini nikafurahi peke yangu kama mtoto aliyeiba sukari. Watu wa Marwa walikaa kwenye ardhi yetu baada ya sisi kukimbia, na sasa wekundu umewaangukia wao. Ng'ombe wakiibwa mwaka huu, mashine itataja boma la Marwa. Wazee watasema nyayo zimeishia pale. Naye atasimama mlangoni aambiwe, tuonyeshe zilipotokea. Na atakayekuwa amemtaja ni mjukuu wa Chacha, bila hata kujua. Ningenyamaza tu. Nilinyamaza siku kadhaa. Nilikula vizuri.

"Unakula kama mtu aliyeshinda kesi," mama yako akaniambia.

"Kesi gani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyeshinda."

Chakula kikanishinda. Akilini nikakaona kale kasichana kenye ungo, kamesimama pale pale nilipokuwa nasimama mimi.

Basi sikiliza, kwa sababu hapa ndipo kazi yako inapoanza, na mimi ni shahidi ambaye hukumhoji.

Swali ambalo Marwa hakuuliza si kama nyayo zilifika kwetu. Zilifika. Swali ni hili: kama mwizi angekuwa mtu mwingine kabisa, mtu wa mbali, anayepitisha ng'ombe usiku kuelekea mpakani Sirari, nyayo zingeishia wapi? Zingeishia kwetu. Njia ilipita mlangoni kwetu, na baada ya mlango wetu ni mwamba, na baada ya mwamba ni uji. Tungekuwa wezi au tusingekuwa, ardhi ingeandika maneno yale yale. Ushahidi unaosema maneno yale yale kwa mwenye hatia na asiye na hatia haujasema kitu, hata ukiwa wazi namna gani. Marwa alikuwa fundi wa kusoma, na alisoma sawasawa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza swali la pili.

Sasa tazama ramani yako. Uliniambia ishara nyingi za mwisho zinapotea karibu na mraba ule. Nikakuuliza kwa nini, ukasema labda wezi wanavikata vifaa pale. Labda. Lakini mimi nimeishi pale. Nyuma ya mwamba nchi inashuka ghafla kwenye bonde lenye kuta za mawe. Tukiwa watoto tulikuwa tunamwita mwenzetu aliye chini asisikie. Nakuwekea dau kwamba hata simu haishiki mle. Mwamba ulimeza kwato, na bonde linameza ishara. Kila ng'ombe atakayepitishwa njia ile, awe wa nani na wa mwizi gani, ataonekana mara ya mwisho mlangoni kwa Marwa.

Na liko lingine ambalo ni baya zaidi. Mlipokusanya historia, wazee waliwaambia wizi wa zamani uliishia wapi. Ghati, wazee hawakumbuki nani aliiba. Wanakumbuka nani alilipa. Katika mraba ule, mojawapo ya visa mlivyoviingiza ni cha babu yako. Yumo ndani ya modeli yako. Amehesabiwa kama mwizi, na hesabu hiyo inaufanya mraba uwe mwekundu zaidi, na wekundu utaleta mwingine wa kulipa, naye ataingizwa, na mraba utakolea tena. Ukiniuliza uwezekano wa awali ni nini, nitakujibu kwamba mara nyingi ni uvumi uliovaa tai.

Sisemi uitupe kazi. Wizi upo. Watu wameuawa kwa ajili ya ng'ombe, na ramani nzuri itaokoa wengi kuliko fimbo ya mtu mmoja. Unakumbuka mtamba wa mama yako, yule tuliyemnunua Machochwe, alipotutoroka? Mimi nilikuwa na hakika amerudi kwenye kichaka cha karibu na mpaka wa hifadhi, nikakitafuta mara tatu. Mama yako akasema, "Baba yenu anatafuta alipokwisha kutafuta." Wewe ukiwa bado na sare ya shule ukachora eneo lote kwa kijiti vumbini. Nilipotaka kukifuta kichaka kwa hasira, ukakataa. "Kichaka ni kinene, Tata. Tunaweza kumpita. Usikifute, kipunguzie nafasi." Ukakipunguzia, ukaziongezea sehemu nyingine, tukaenda korongoni ambako sikuwa nimefikiria, na alikuwa korongoni. Siku ile nilijua una kichwa ambacho mimi sina. Hasira yangu inajua kufuta na kukaza tu. Wewe unajua kupunguza.

Nakuomba uipeleke akili ile ile kazini, na usikubali waichukue. Mkuu wako atasema toa jina moja. Usitoe. Toa ramani yote pamoja na zile robo tatu, na ukae na wazee mpaka wakuelewe. Wanaelewa, wamesoma ardhi maisha yao yote. Waambie mahali modeli isipoona, kama mle bondeni, ili giza lisidhaniwe kuwa hatia. Kisa cha babu yako kiondoe, na usiishie kwake kwa kuwa ni wako. Kila kisa cha aliyelipa bila ng'ombe kuonekana kwake kipunguzie uzito. Wakikuambia unachelewesha mradi, wacheleweshe. Wakikufukuza, rudi, mahindi yapo na mama yako atafurahi. Lakini sidhani watakufukuza. Hilo naliwekea uwezekano mdogo, nao naweza kuusogeza nikipata habari.

Najua ni rahisi kwangu kukuandikia hivi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Ndiyo maana kiti nimekiacha.

Gari la Tarime linapita njia ya Matongo. Tutashuka kabla hujafika kazini kwako. Mizigo yako itatangulia kwa yule binamu wa mama yako, nimeshazungumza naye. Tutapanda bodaboda mpaka mlima unapoanza, kisha tutatembea. Nitakuonyesha njia ilipopita, mlango wetu ulipokuwa, na mahali kwato iliyopinda ilipoishia. Wewe utashuka bondeni na kifaa chako tuone kinanyamaza wapi. Kama kitaendelea kusema, nitakuwa nimekosea juu ya bonde, na utaandika hivyo hivyo, kwamba baba yako alikosea. Hilo pia litakuwa kazi.

Na tutamhitaji Marwa. Hakuna aliye hai anayekumbuka nyayo zile ila yeye na mimi, nami sikuwa nazitazama kwa jicho lake. Anaweza kukataa. Anaweza kusimama katikati ya njia, kama nilivyosimama mimi, na kuniambia kwamba nimekuja kuhakikisha. Nimejaribu kukadiria atafanya lipi, nimeshindwa. Sifuri sikuandika popote.

Lile blanketi sikuwahi kulitumia, wala sikulitupa. Mama yako alilihifadhi sandukuni bila kuniuliza. Nimelitia kwenye begi langu, kwa sababu mwambani kuna upepo, naye sasa ni mzee.

Vaa viatu vya kutembea. Tukifika, wewe utamwamkia baada yangu. Neno langu la kwanza ni shikamoo, niliyomnyima siku ya mazishi. La pili ni kumwomba tupande naye mwambani, amwonyeshe mjukuu wa Chacha alichokiona.

Tata yako